Sura ya Saba: Mti wa Barabarani na Tunguu la Uani

Mtu aliyejenga nyumba Kigoma au Ujiji, akiisha kupaka kuta zake chokaa na kutia milango yake makufuli, hugeuka akatazama kipande cha ardhi kilichosalia baina ya baraza na njia. Na ikiwa ardhi hiyo haikukusudiwa mihogo, wala migomba, wala mchikichi, nafsi yake humwambia kuwa yastahili kupewa kitu cha kupendeza macho ya wakaao ndani na ya wapitao nje. Hapo ndipo huanza mashauri. Jirani wa kwanza atausifu mkrismasi, akielekeza kidole kwenye mti mkubwa ulio mbele ya shule au kando ya barabara iteremkayo ziwani; jirani wa pili, ambaye aghalabu ni mama mwenye madebe ya maua barazani pake, atajibu kwamba mti ni mzigo wa maisha, na kwamba tunguu moja la yungiyungi jekundu litampa mwenye nyumba furaha ile ile kwa gharama ya shimo lisilozidi shibiri moja. Sura hii imekusudia kuwasikiliza wote wawili kwa uadilifu, kisha kutoa hukumu. Maana mshauri wa bustani asemaye kuwa kila mmea ni mzuri mahali popote huwa hakushauri neno.

Huenda msomaji akaona kwamba kuupambanisha mti wenye kimo cha mita 10 na zaidi na tunguu litoshalo kufumbatwa kwa mkono mmoja ni dhuluma kwa mmoja wao, kama si kwa wote wawili. Lakini mimea hii imekaribiana kuliko inavyodhaniwa. Yote miwili huchanua maua mekundu, na wekundu wake ni ule mkali uonekanao kutoka mbali kabla umbo la ua lenyewe halijapambanuka. Yote miwili huvumilia kiangazi kimya kimya mpaka vilima vya Kigoma vimekauka na nyasi zake zimeungua au zimenyauka, ndipo, mvua za kwanza zinapokaribia au zinapoanguka, baina ya Oktoba na Desemba, hudhihirisha fahari yake. Yote miwili, tena, huweza kutoa maua kabla majani hayajakamilika, hata macho ya mtazamaji yakakosa kitu kingine cha kuyashughulisha. Kwa hiyo mwenye bustani hachagui baina ya rangi mbili wala baina ya misimu miwili. Achagua baina ya maumbile mawili yatoayo tunu moja kwa wakati mmoja, na ikhtilafu yote iko katika bei inayodaiwa.

Hata katika madaftari ya wataalamu mimea hii ina mtu mmoja aliyeikutanisha. Constantine Samuel Rafinesque, aliyezaliwa mwaka 1783 katika mtaa wa Galata mjini Istanbul na kufariki Philadelphia mwaka 1840, alikuwa msomi mwenye pupa ya kupanga upya na kutaja upya kila mmea uliomfikia kwa macho au kwa habari, na pupa hiyo ilimletea dharau nyingi kutoka kwa wenzake. Hata hivyo katika kitabu chake kiitwacho Flora Telluriana, kilichotoka kwa sehemu sehemu katika miaka ya 1830, ndimo yalimotokea majina mawili ya jenasi yatumikayo hata leo: Delonix, ambayo ndiyo jenasi ya mkrismasi, na Scadoxus, ambayo ndiyo ya yungiyungi letu jekundu. Jina la tunguu halikupata heshima yake upesi. Kwa zaidi ya karne nzima liliwekwa kando, na mmea ukahesabiwa pamoja na jamaa zake wa Afrika ya Kusini chini ya jina la Haemanthus, mpaka mwaka 1976 wataalamu Ib Friis na Inger Nordal walipoichunguza habari hiyo upya na kuona kuwa Rafinesque, pamoja na haraka yake yote, katika jambo hili alikuwa amenena haki.

Kabla ya kuipima mimea yenyewe ni wajibu tuipime ardhi itakayoipokea, kwa kuwa uzuri wa mmea haujulikani mpaka ujulikane udongo wake. Ziwa Tanganyika liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, nalo lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina kifikacho mita 1,470, na vilima vya Kigoma vimesimama pembeni mwake kwa mteremko mkali. Udongo wa vilima hivyo ni mwepesi, una kokoto nyingi, na mara nyingi jembe hugonga mwamba kabla halijazama vema. Ujiji, iliyo kilomita chache kusini, imekaa mahali palipo tambarare zaidi na penye mchanga, na kwa upande wa Mto Luiche udongo huwa mzito na wenye kushika maji. Mvua ya mwaka mzima, ambayo hukaribia milimita 1,000, huanguka baina ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Mei. Juni hata Septemba ni miezi ya ukavu, na upepo wa kusi huvuma juu ya ziwa kwa siku nyingi mfululizo. Basi kila mmea utakaopandwa hapa hauna budi kuhojiwa maswali matatu: waweza kustahimili miezi minne pasipo mvua? Waweza kustahimili upepo? Waweza kuridhika na udongo haba juu ya mwamba?

Liko na swali la nne kwa wale wakaao karibu na maji, nalo ni ziwa lenyewe. Katika miaka ya 1870 maji yake yalipanda sana, mpaka kama mwaka 1878 yakaisukuma kingo ya tope na magugu iliyoziba Mto Lukuga upande wa Kongo, yakapata njia ya kutoka. Na katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka kwa mita kumi hivi, likaiacha Ujiji mbali na ufuko wake wa zamani. Katika siku zetu limepanda tena, na katika miaka ya 2020 na 2021 wakazi wa ufukoni waliona maji yakiingia katika nyumba na viwanja vilivyokuwa vikavu tangu kukumbukwa kwao. Apandaye ufukoni apanda katika mpaka usio na ahadi, na mmea uhitajio miaka mingi kabla ya kulipa gharama yake wamweka mtu huyo katika hatari kuliko mmea ulipao upesi.

Tuuanze mkrismasi. Asili yake ni Bukini, ndiyo Madagaska, katika misitu mikavu ya kisiwa kile, na mtu aliyeutambulisha kwa wataalamu wa Ulaya ni Wenceslas Bojer, mzaliwa wa Bohemia aliyefanya makazi yake Morisi. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1829, na toka hapo mti ukasafiri kwa meli na kwa mifuko ya mbegu hata hakuna nchi ya joto iliyoukosa. Ajabu ya safari hiyo ni kwamba, ilhali mti ulikuwa ukienea katika barabara za miji ya ulimwengu, misitu ulimozaliwa ilikuwa ikipungua kwa mkaa na kwa mashamba. Jina ulilopewa nchini kwetu latokana na majira yake ya kuchanua, kwa kuwa sikukuu ya Krismasi huukuta umejaa maua, na Waislamu wa Ujiji huliita jina hilo bila taabu, kama Wakristo wa Kigoma wapumzikavyo chini ya miembe ya Ujiji bila kuuliza nani aliyeileta.

Uzuri wa mkrismasi hauhitaji wakili. Matawi yake hutanuka kwa upana unaoweza kuushinda urefu wa mti wenyewe, na majani yake yamegawanyika mara mbili katika vijani vidogo visivyohesabika, hata kivuli chake huwa chepesi chenye kupitisha nuru na hewa. Ua moja lina petali tano. Nne ni nyekundu tupu, na ya tano, iliyosimama juu ya wenzake, ina michirizi ya weupe na manjano. Baada ya maua huja makaka marefu, magumu na meusi, ambayo huweza kufika sentimita 60, nayo hubaki matawini miezi mingi yakingoja upepo au watoto wayatikisao kwa kupenda mlio wa mbegu zilizomo. Katika udongo mzuri mche hukua kwa kasi, na mti uliotokana na mbegu waweza kutoa maua katika mwaka wa tano, ijapokuwa mingine hukawia mpaka mwaka wa kumi na hata zaidi. Kiangazi hauogopi: hupukutisha majani yake, husimama uchi, na huendelea kuishi.

Lakini sifa hizo zote zina madai. Mizizi ya mkrismasi haipendi kuzama chini. Hutambaa karibu na uso wa ardhi, minene na yenye nguvu, ikitafuta maji kwa upana, na katika vilima vyetu, ambako mwamba hauko mbali, tabia hiyo huzidi. Sakafu ya saruji iliyo karibu huinuliwa, ukuta wa uzio hupasuka, na shimo la maji machafu hupata mgeni asiyealikwa. Mbao zake ni dhaifu, na matawi yake marefu huvunjika kwa dhoruba za mwanzo wa masika, ambazo hapa kwetu hushuka vilimani kwa ghafula. Vijani vyake vidogo huanguka juu ya bati na kujaza mifereji ya kukusanyia maji ya mvua. Mwenye nyumba ambaye paa lake liko hatua tatu kutoka kwenye shina, baada ya miaka ishirini ya kulisifu ua, hulazimika kuazima shoka. Na kuukata mti mpana uliozungukwa na nyumba na nyaya za umeme ni kazi ghali kuliko ile ya kuupanda.

Hapa historia ya Ujiji yatufundisha jambo lisilopatikana katika vitabu vya bustani. Mji huu ulikuwa kikomo cha njia ya misafara itokayo Bagamoyo na kupitia Tabora. Ndipo walipofika wasafiri wa Kizungu Burton na Speke mwezi Februari mwaka 1858, na kabla yao na baada yao walifika wafanyabiashara wa Pwani na Waarabu, wapagazi wa Kinyamwezi, na watu wa Manyema kutoka ng'ambo. Watu wa Pwani walipanda miembe, nayo ikawa alama ya njia na ya maskani zao. Mwembe ulio mashuhuri kuliko yote ni ule ambao kwa mapokeo Stanley alikutana na Livingstone chini yake mwaka 1871. Mti wenyewe ulikwisha kufa, na mingine miwili, inayosemwa kuwa ni uzao wake, imesimama penye ukumbusho. Ni nani leo awezaye kulitaja jina la aliyeupanda? Hakuna, wala kutotajwa huko si msiba, kwa kuwa mti mkubwa huacha upesi kuwa mali ya mtu. Hukua ukavuka uzio, kivuli chake huangukia njia, wachuuzi huweka meza zao chini yake, na katika kizazi cha pili huwa mali ya mtaa. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 na biashara ikahama kutoka Ujiji kwenda penye bandari na stesheni, watu walihama na mali zao. Miembe ilibaki pale pale ikiwahudumia waliosalia.

Waislamu wa Ujiji, wanaoijua hadithi ya Mtume isemayo kwamba mti apandao mtu, wakala katika huo ndege, binadamu au mnyama, huandikwa kuwa ni sadaka yake, hawakosi kulifahamu jambo hili mara moja. Mkrismasi hauna tunda la kuliwa, lakini kivuli chake ni sadaka kadhalika. Na sadaka, kwa maumbile yake, hutafuta mahali penye wahitaji wengi. Mti huu wapata hadhi yake kamili penye uwanja wa shule, nje ya zahanati ambako wagonjwa hungoja zamu, mbele ya msikiti au kanisa, kando ya barabara pana na katika viwanja vya bandari ambako abiria hungoja meli. Ukifungiwa ndani ya kiwanja cha mita kumi na tano kwa ishirini, wadhulumiwa mti, na wadhulumiwa wenye nyumba.

Sasa tuligeukie tunguu. Yungiyungi jekundu, ambalo wataalamu hulitambua kwa jina la Scadoxus multiflorus, si mgeni aliyeletwa na meli. Makao yake yameenea toka Senegali hata Somalia, na kusini hata Afrika ya Kusini, na kwa mashariki yamevuka bahari hata Yemeni; na katika nchi yetu huota porini, kwenye vichaka vyenye kivuli, kandokando ya mito, na juu ya vichuguu vya mchwa ambako udongo ni mwororo na wenye rutuba. Msafiri apitaye mapori ya miombo wakati wa mvua za kwanza huweza kukutana nalo pasipo kutazamia, likiwa limesimama peke yake juu ya majani makavu, na akashangaa kuwa kitu cha fahari namna hiyo hakina mlezi.

Mwenendo wake wa mwaka ni kinyume cha ule wa mti, kwa sababu mti hukaa mbele ya macho siku zote, na tunguu hukaa ghaibu karibu nusu ya mwaka. Masika yakiisha majani yake hugeuka manjano, hulala chini na kutoweka. Toka Juni mpaka Septemba hakuna dalili yoyote juu ya ardhi, na mtu asiyejua huweza kupitisha jembe pale pale akipanda mihogo. Mvua ya kwanza au ya pili ikinyesha, huchomoza bua nene lenye kichwa kilichofungwa, nalo hurefuka kwa siku chache; kisha kichwa hufunguka kikawa duara moja la maua madogo, ambayo katika tunguu lililoshiba huweza kufika 200, na upana wa duara hilo huweza kufika sentimita 20 na kupita. Kila ua ni dogo, lenye petali nyembamba na nyuzi ndefu zenye poleni ya manjano nchani, na chozi na vipepeo huja kufanya kazi yao. Fahari hiyo haidumu zaidi ya majuma mawili. Baadaye huja majani mapana, laini, ya kijani kibichi, yenye madoa ya zambarau penye kikonyo, ambayo peke yake yatosha kuwa pambo la pembe yenye kivuli. Na mwisho huja matunda madogo mekundu.

Tunguu nalo lina lawama zake, na ya kwanza ni sumu. Jamaa zake wengi wana sumu ndani ya mwili, na yungiyungi jekundu, hasa tunguu lenyewe, limepata kutumika katika baadhi ya nchi za Afrika kutengeneza sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Mbuzi na kondoo walilalo hudhurika. Nyumba yenye watoto watambaao na mbuzi wasiofungwa haina budi kulipanda mahali pasipofikiwa, na matunda yake mekundu yaondolewe mapema yasije yakawadanganya wadogo. Lawama ya pili ni kwamba halitoi kivuli, halizuii vumbi, wala haliipambi nyumba kwa wale wapitao mbali. Ni pambo la karibu, la mtu akaaye barazani. Lawama ya tatu ni ufupi wa maua yake, kwa kuwa mkrismasi uliochanua hudumu majuma mengi, na yungiyungi huisha wakati mwenyewe alikuwa safarini Kasulu au Uvinza.

Tukiisha kusikiliza sifa na lawama za pande zote mbili, na tuishike mizani. Kwa habari ya nafasi hakuna ubishi: mti wadai duara la mita kumi kila upande kutoka ukuta, na tunguu ladai shibiri mbili. Kwa habari ya maji, vyote viwili vimesoma kalenda ya Kigoma vema, kila kimoja kwa njia yake. Mti uliokomaa huvumilia kiangazi kwa kuacha majani, na tunguu huvumilia kwa kujificha, hata kumwagilia tunguu lililolala ni kuliozesha na si kulisaidia. Mti, hata hivyo, katika miaka yake miwili ya mwanzo huhitaji ndoo za maji kila juma la kiangazi, na ndoo hizo zikipandishwa kilimani kwa kichwa huwa kazi ya mtu fulani, aghalabu si yule aliyeutamani mti. Kwa habari ya upepo, tunguu halina la kuogopa. Kwa habari ya udongo, tunguu hutosheka na udongo haba ulioandaliwa kwa mikono, maadamu maji hayasimami. Penye udongo mzito wa bonde la Luiche hupendelea tuta au chungu chenye tundu.

Lakini jambo lizitolo mizani kuliko hayo yote ni muda wa mtu juu ya ardhi yake, na nashangaa kwamba washauri wa bustani hulipita pasipo kulitaja. Kigoma ni mji wa watu waendao na kurudi. Mwalimu hupata uhamisho, karani wa forodha huitwa Dar es Salaam, mtumishi wa reli hupelekwa Tabora, mwenye biashara ya dagaa huhama na soko lake. Na wengi wa wakazi ni wapangaji ambao kiwanja wanachokifagia kila asubuhi si chao. Mkoa huu, fauka ya hayo, umepokea kwa miaka mingi majirani waliovukishwa ziwa au mpaka na vita vya Burundi na Kongo, na kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, imeona watoto waliozaliwa humo wakiwa watu wazima. Mpangaji apandaye mkrismasi ampandia mwenye nyumba, na huenda akahama mwaka ule ule mti unapotoa kichala chake cha kwanza. Apandaye tunguu apanda mali ichukulikayo: akipata barua ya uhamisho mwezi Julai, hulifukua likiwa limelala, hulipangusa udongo, hulifunga katika gunia pamoja na vyombo vyake, na mvua za mahali pengine humkuta na ua lake. Tunguu halipendi kusumbuliwa kila mwaka, na huenda likanuna msimu mmoja baada ya kuhamishwa. Lakini kununa si kufa.

Kuna wanaodhani kuwa ubishi huu wamalizwa kwa kupanda yungiyungi chini ya mkrismasi, kivuli na ua vikae pamoja. Rai hiyo ni njema masikioni, si njema udongoni. Mizizi ya mti, iliyo karibu na uso wa ardhi, hunywa kila kinachonyesha juu yake na kuusokota udongo hata jembe dogo halipiti, na tunguu lililowekwa humo hudhoofu mwaka hata mwaka. Mahali palipo pema zaidi ni upande wa nyumba upatao jua la asubuhi na kusitirika na jua la alasiri, karibu na baraza, ambapo pana maji ya kutosha wakati wa masika na hapana mzizi mkubwa wa jirani.

Kwa yule aliyeuchagua mti, kazi huanza katika mbegu. Ganda lake ni gumu mno, na mbegu ikipandwa vivi hivi huweza kukaa miezi bila kuota. Likwaruzwe kwa tupa au kwa jiwe upande mmoja, au mbegu imwagiwe maji ya moto na kuachwa humo usiku kucha mpaka ivimbe. Mche ulelewe katika kiriba, upelekwe shambani mvua zikiisha kushika, uzungushiwe miba kwa ajili ya mbuzi, na uchunguzwe mchwa. Katika miaka yake ya mwanzo uachiwe shina moja tu, na matawi ya chini yapogolewe mapema, kwa kuwa samaki mkunje angali mbichi. Tawi nene likatwalo uzeeni huacha jeraha liozalo ndani. Usipandwe chini ya nyaya za umeme, wala juu ya bomba la maji.

Kwa yule aliyechagua tunguu, kazi ni nyepesi lakini ina adabu yake. Asiende kulifukua katika hifadhi za Gombe au Mahale, ambako kila kiotacho kimelindwa na sheria, wala asiunyang'anye msitu wa kijiji. Na aombe kwa jirani, kwa maana tunguu lililostawi huzaa vitunguu vidogo pembeni mwake, na kumpa mwenzio kimoja hakumpunguzii mtu kitu. Apandapo mbegu, na aoshe nyama ya tunda, azipande zingali mbichi, kisha awe na subira ya miaka mitatu minne. Shimo lijazwe udongo wa majani yaliyooza uliochanganywa na mchanga, na shingo ya tunguu iwe sawa na uso wa ardhi. Mwisho, pawekwe duara la mawe kuzunguka mahali pake, ili jembe la kiangazi lijue kuwa pana mwenyewe.

Hukumu yetu basi ni hii. Mwenye kiwanja kipana kilicho chake, mbali na nyaya na mbali na mstari wa maji ya ziwa, apande mkrismasi kwenye mpaka uelekeao barabara, naye ajue kuwa ameutoa kwa mtaa. Mwenye kiwanja chembamba, na mpangaji, na mkazi wa ufukoni, apande tunguu, wala asijione amepata duni. Na ikiwa mtu wa namna hii ya pili moyo wake bado wautamani mti, tamaa hiyo ni njema na ina dawa: aoteshe mche katika kiriba nyuma ya nyumba yake, aende kwa mwalimu mkuu wa shule ya mtaa wake au kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaombe ruhusa, na aupande penye uwanja wa wote, akishirikiana nao kuchota maji ya miaka miwili ya mwanzo. Wanafunzi watapata kivuli wakati wa mapumziko, yeye atauona mti wake umechanua kila apitapo kwenda sokoni, na kuta za nyumba yake zitasalimika.